Ruhusa ya Vifaa Vyote

Jumatatu, 4 Machi

Shajara, niwie radhi. Tangu Novemba sijakuandikia hata mstari. Sababu ni mbili. Kwanza, hapakuwa na jambo la kujivunia. Pili, Jarmila alikusukumia chini ya mguu wa kabati linaloyumba, nami nimekugundua leo tu, nilipokuwa nikitafuta soksi. Kabati sasa linayumba tena. Mke wangu amenuna. Lakini nina habari zisizoweza kungoja.

Ile ndege ya zamani ya viti viwili, isiyo na injini, iliyolala bandani katika uwanja wetu mdogo, imeuzwa. Mwishoni mwa Aprili inakwenda Poland. Ndiyo niliyojifunzia kuruka nikiwa kijana. Ndiyo ambayo chini ya bawa lake la kulia nilimposa Jarmila, kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha naye hakuwa na pa kukimbilia. Madaktari waliniondolea leseni kwa ajili ya moyo. Tangu siku hiyo sijashika fimbo yake ya kuongozea.

Wenye uwanja wametangaza kwamba kabla ya kuondoka itaruka mara ya mwisho. Mwalimu wa urubani atakaa kiti cha nyuma. Kiti cha mbele ni zawadi ya mshindi wa klabu yetu, naye ataiongoza kwa mkono wake mwenyewe.

Klabu yetu ni ya marubani waliobaki ardhini. Tunakutana katika chumba cha nyuma cha baa ya Hudec, tukirusha ndege za kwenye kompyuta. Mashine moja, skrini mbili, viti viwili, na kila mtu na fimbo yake ya kuongozea aliyoinunua mwenyewe. Ninawazidi wote isipokuwa mmoja. Huyo ni Daktari Kostka, daktari wa meno. Hajawahi kusema alirusha ndege gani zamani. Nadhani anaficha vyeti vyake kwa makusudi.

Kiumri ni mdogo kwangu, hivyo ni juu yangu kutangulia kumwambia tuache vyeo na tuitane kwa majina. Amekuwa akingoja miaka mitatu. Sina haraka.

Jarmila amesema nimweleze tu Daktari jinsi ninavyoipenda ndege ile, huenda akanihurumia. Nimemjibu kwamba rubani haombi. Ameniuliza kama rubani anaweza kurekebisha kabati.

Jumatano, 6 Machi

Mazoezi. Fedheha.

Mhandisi Horká, anayeitunza mashine yetu, ameweka mfumo mpya. Bi Horká alifanya kazi na kompyuta tangu zile zilizokuwa kubwa kama makabati, na huzungumza nasi kana kwamba sisi ndio makabati. Alikumbusha kwamba msimu uliopita fimbo ya kulia ilikuwa ikiisukuma ndege ya kushoto, tukagombana hadi Hudec akazima taa. Sasa kila programu imefungiwa chumbani mwake. Humo haioni fimbo, wala pedali, wala kibodi, wala kipaza sauti. Ikitaka kifaa, sharti ibishe hodi na iombe. Kisanduku kidogo hutokea kwenye skrini kikitaja kifaa kwa jina, na aliyeketi huchagua: ruhusu mara hii tu, ruhusu daima, au kataa.

Nilimwuliza kwa nini programu isiaminiwe tu. Alijibu kwamba hata mimi ninaaminiwa, lakini sina ufunguo wa nyumba yake.

Kisha alitaka kila mtu akisome kisanduku chake kwa sauti kabla ya kujibu. Nimefundisha jiografia miaka thelathini. Sisomeshwi kwa sauti katika baa. Nilibonyeza haraka bila kusoma. Nilibonyeza Kataa.

Nilikaa pale nikiisogeza fimbo iliyokufa, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Ndege haikujali. Iliendelea moja kwa moja kuelekea mpaka wa Austria.

"Bwana Mwalimu," alisema Daktari Kostka kwa upole wake wa kudunga sindano, "unakoroga supu ya nini?"

Hudec alisema kama ni supu ya vitunguu saumu, naye anaomba bakuli moja. Chumba kizima kilicheka. Nimeamua kushinda kwa njia yoyote.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata njia.

Jana, akinisaidia, Bi Horká alifungua ukurasa wenye orodha ya ruhusa zote. Kila programu ina vifaa vyake, na ruhusa iliyotolewa inaweza kuondolewa. Alinionyesha mwenyewe. Mtu hodari sana, lakini hajui amemwonyesha nani.

Kesho kuna mazoezi ya mwisho kabla ya mashindano. Nitaiondoa ruhusa ya fimbo ya Daktari. Akoroge supu yeye.

Inanibidi nimwondoe Bi Horká mbele ya mashine kwa muda mfupi tu. Kesho ni Siku ya Wanawake. Mpango unajipanga wenyewe.

Jumamosi, 9 Machi

Jana sikuweza kuandika. Ghadhabu ilinizidi.

Nilimpelekea Bi Horká ua jekundu la karnesheni. Alisema tangu utawala wa zamani wa kikomunisti ulipoanguka hakuna mwanamume aliyemletea ua hilo, akauliza taulo iko wapi, maana siku zile kiwandani walipewa ua na taulo kwa pamoja. Nilisema taulo itakuja. Akacheka, akaenda kwa Hudec kutafuta glasi ya kulitia ua maji.

Nilifungua ukurasa wa ruhusa. Hapo nikakuta jambo ambalo hakuna mtu angelitazamia. Fimbo mbili, jina moja. Mimi na Daktari tulinunua aina ileile, katika duka lilelile la mjini Brno, kwenye punguzo lilelile la Krismasi. Jina la juu na jina la chini hayakutofautiana hata herufi. Nikafikiri: Daktari hujiweka juu kila mahali. Nikaifuta ya juu. Mashine iliuliza kama isiombe tena kamwe. Nikakubali kwa moyo mweupe.

Ilikuwa yangu.

Daktari aliruka kama mwewe. Mimi niliketi mbele ya ndege isiyotaka hata kuniomba kisanduku. Bi Horká alikuja na ua lake ndani ya glasi ya bia, akafungua ukurasa, akasema mtu fulani ameifuta fimbo ya kiti cha kushoto. Nilisema labda ni umeme, unakatika sana siku hizi. Alisema umeme haujui kusoma.

Aliirudisha ruhusa yangu kwa kidole kimoja. "Na kwako wewe, Bwana Mwalimu," alisema, "kuanzia leo ni mara hii tu. Kila mara, mara hii tu."

Daktari aliniletea kipande cha jibini la kukaanga na kusema kila rubani huwa na siku mbaya. Sikulila. Baadaye nililila.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefikiri kwa kina. Kosa langu lilikuwa kumshughulikia Daktari. Sharti nijishughulikie mwenyewe.

Leo sokoni, kwa muuza vitu vikuukuu, nimekuta kidude cha kuchezea michezo, kile cha kushikwa kwa mikono miwili, chenye vitufe. Kinaenea pajani, chini ya meza, pasipo mtu kukiona. Programu yetu ina msaada wa wanafunzi: ukibonyeza kitufe kimoja, mabawa hujinyoosha yenyewe na ndege hutulia. Katika mashindano msaada huo umekatazwa. Umekatazwa kwa sababu unafaa.

Kikwazo ni kisanduku. Nikigusa tu kidude hicho, skrini itatangaza mbele ya baa nzima kwamba programu ya kiti cha kushoto inaomba kutumia kifaa fulani, pamoja na jina lake. Ni kama kuiba kuku mwenye kengele. Inanibidi niingie chumba cha nyuma mwenyewe kabla ya mashindano ya Jumamosi na kumaliza mambo yote ya ruhusa nikiwa peke yangu.

Ufunguo uko kwa Hudec. Nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta yake ya malipo, ambayo imekufa. Mkwewe amemnunulia skana, ile ya dukani inayosoma vistari na kulia tiit, na amemwagiza kwamba kila bia isomwe, asichore tena kwa penseli kwenye kikaratasi cha mteja. Kadi ya vistari vya bia imebandikwa kwenye sinia lake. Hudec ana huzuni. Alisema baba yake alichora vijiti, babu yake alichora vijiti, na himaya nzima ya Austria ilianguka, vijiti vikaendelea kuchorwa.

Nilimwambia aichomeke skana kwenye mashine ya klabu, ina nguvu za kutosha kwa kazi mbili. Nilimsaidia kwa mikono yangu. Iliandika nambari za bia vizuri kabisa. Hudec alinikumbatia, akanipa ufunguo wa chumba cha nyuma niwe nao wiki nzima.

Jarmila ameuliza kwa nini ninapiga mluzi. Nimemwambia ni majira ya kuchipua.

Jumatano, 13 Machi

Ushindi mtupu.

Niliingia mchana, hapakuwa na mtu. Nikafungua ukurasa wa ruhusa za kiti cha kushoto. Nilikuwa nimejiandaa kukitafuta kidude changu kwa jina, lakini nikaona jambo bora zaidi, chini kabisa: Ruhusu vifaa vyote. Chini yake maandishi mekundu, mistari kadhaa. Sikuyasoma. Maonyo huandikiwa watu wasiojua wanachokifanya. Nikachagua Daima.

Niliruka saa nzima. Hakuna kisanduku hata kimoja. Kidude pajani kilitii kama mbwa wa polisi. Nilipoyumba, nilibonyeza, na mabawa yakanyooka. Nilitua katika uwanja wetu, wa kwenye skrini, na nakiri kwamba macho yalinilowa kidogo, kwa kuwa wameichora hata lile banda lenye bati lililopinda.

Jambo moja tu. Hudec alipopita na sinia akiijaribu skana, tiit, breki za mabawa yangu zilifunguka zenyewe. Nadhani ni hali ya hewa. Programu imeiga hewa ya Moravia yetu kwa ustadi mkubwa.

Jumamosi, 16 Machi

Nitaandika kwa mpangilio, ili mambo yaeleweke, ingawa ningependa yasieleweke.

Baa ilijaa. Hudec alikuwa amehamishia pipa la pili katika chumba cha nyuma ili asikose kutazama. Ni baa ya kawaida ya kwetu: glasi yako ikikaribia kwisha, mpya inatua mbele yako bila wewe kusema neno, na itaendelea kutua hadi uifunike kwa ile kadibodi ya kuwekea glasi. Kila bia, tiit.

Niliwatoa wawili wa kwanza bila jasho. Michezo ile ilichezwa mapema, watu walikuwa bado wanakula soseji, hawajaanza kunywa kwa bidii. Fainali ikawa mimi na Daktari Kostka. Yeye kulia, mimi kushoto. Bi Horká alisimama nyuma yetu akiwa amekunja mikono. Ua langu la karnesheni lilikuwa bado hai juu ya mashine.

Tuliachia kwa pamoja kamba za kuvutwa angani. Na hapo, Shajara, nikaruka kama sijawahi kuruka tangu ujana. Daktari alipopinda kuifuata hewa inayopanda, ndege yangu ilipinda pia, laini, bega kwa bega. Aliponyooka, nilinyooka. Watu walianza kupiga makofi. Mtu alisema tunacheza dansi. Niliona ufundi wote wa zamani umerudi vidoleni. Wakati mmoja niliiachia fimbo ili nijikune pua, na ndege ikaendelea kuzunguka kwa uzuri uleule. Nikajisemea kwamba rubani wa kweli huruka hata kwa pua.

Kidude sikukihitaji. Kililala tu pajani.

Shida ilianza kwa sababu tuliruka vizuri. Watu walifurahi. Waliofurahi walikunywa. Hudec alianza kutembea na sinia.

Tiit. Breki zangu zilifunguka, ndege ikashuka kama jiwe. Nilizifunga.

Tiit. Gurudumu lilishuka. Nililipandisha.

Tiit, tiit. Breki, gurudumu, na skrini ikageuka kunionyesha mkia wangu mwenyewe. Nilibonyeza kidude, mabawa yakanyooka, wakati uleule Daktari akapinda kushoto, nami nikapinda kushoto huku nikijaribu kunyooka. Baa ilishangilia, ikidhani ni mbinu. Waliposhangilia waliinua glasi. Walipoinua, Hudec akawajazia. Kadiri nilivyookoka kwa ustadi, ndivyo unywaji wao ulivyonishusha chini.

Hapo nikaelewa. Skana nayo huandika nambari kama kibodi. Na mimi nimeiruhusu. Nimeviruhusu vyote. Fimbo ya Daktari pia, iliyo aina moja na yangu. Yule aliyecheza dansi alikuwa yeye peke yake, kwa ndege mbili.

Nilisimama. Nilisema jambo ambalo sidhani limewahi kusemwa Moravia ya kusini. Niliwaomba watu wote wafunike glasi zao.

Hudec alisimama na sinia angani. "Bwana Mwalimu," alisema taratibu, "katika nyumba hii watu wameombolezwa, wameoana, wamepigana, na hakuna aliyewahi kuambiwa afunike."

Daktari Kostka aligeuka kunitazama, akaiachia fimbo yake. Ndege yake iliendelea kutulia, kama ndege iliyolelewa vizuri. Yangu, iliyokuwa imebaki bila mkono wake na bila wangu, iliingia katika shamba la mizabibu la mtu. Na kidude, kwa kuwa nilisimama, kilianguka kutoka pajani, kikaviringika hadi kwenye kiatu cha Bi Horká.

Alikiokota kwa vidole viwili. Aliianzisha ndege yangu upya, akaiacha angani pekee, akasema: "Hudec, piga bia moja."

Tiit. Breki.

"Piga nyingine."

Tiit. Gurudumu.

"Daktari, sogeza fimbo yako kidogo."

Ndege yangu iliipungia baa nzima mkono kwa bawa lake.

Walicheka hadi mtu akaketi sakafuni. Daktari Kostka ametangazwa mshindi. Mimi nimepigwa marufuku kuigusa mashine hadi Pasaka. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikipitia uwanjani. Banda lilikuwa limefungwa. Nilichungulia penye bati lililopinda. Nililiona bawa moja, la kulia.

Jumapili, 17 Machi

Kengele ililia tukiwa mezani. Alikuwa Daktari Kostka, na chupa ya slivovice, pombe kali ya plamu, iliyotengenezwa na kaka yake, isiyo na karatasi wala jina. Jarmila alimpa zile ndara za wageni, zenye manyoya ya waridi, akamwekea nyama na mchuzi wa malai. Daktari alikula. Nilingoja anicheke ili nipate sababu ya kumfukuza.

Badala yake Jarmila ndiye aliyesema. Alisema yote: ndege, mvua, bawa la kulia, leseni. Alisema nimekuwa nikiamka asubuhi na kusimama dirishani nikitazama mawingu kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Ulikuwa wa Daktari.

Daktari aliweka uma chini. Akasema nisimwambie mtu, lakini yeye hajawahi kuruka. Si ndege hiyo, si ndege yoyote. Likizo huenda kwa gari moshi. Akipanda ngazi kubadilisha balbu, muuguzi wake humshika miguu. Alijiunga na klabu kwa sababu ndiyo klabu pekee ya marubani isiyoondoka chini. Tangu jana alikuwa akitafuta udhuru wa kukikimbia kiti kile, na hajalala.

"Ungeniambia tu, Bwana Mwalimu," alisema. "Ningeshindwa kwa furaha. Najua kushindwa, nina wagonjwa watoto."

Jarmila alikuwa na la kuongeza, lakini alilisema kwa macho.

Daktari anataka kiti apewe mtu mwingine, yaani mimi. Lakini zawadi haihamishwi bila kamati, na kamati ni yeye, Hudec na Bi Horká. Sharti wote watatu wakubali. Watakaa Alhamisi. Kura yake ninayo. Hudec ameumia kwa sababu ya kadibodi. Bi Horká ni Bi Horká.

Jarmila alisema: "Kesho utawaendea mmoja mmoja, utafungua mdomo, utaomba. Kama mtu."

Nilijaza glasi mbili. Nilimtazama Daktari na yale manyoya ya waridi miguuni mwake. Nikamwambia jina langu ni Alois. Alinyanyuka kabisa, kana kwamba wimbo wa taifa unapigwa, akasema yeye ni Vilém. Tulikunywa. Slivovice ya kaka yake inaweza kung'oa jino bila msaada wake.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeomba. Naliandika hapa kwa sababu halitarudiwa.

Kwanza Hudec. Nilimwambia nilikosa heshima kwa glasi za watu. Akaniletea bia, nikainywa. Akaleta ya pili, nikainywa. Ilipokuja ya tatu mkono ulitaka kuikimbilia kadibodi, nikauzuia. Aliona. Alinipiga begani, akasema kura yake nimeipata, na kwamba skana ameitupa kwenye sanduku, karudia penseli.

Kisha Bi Horká. Nilimpelekea taulo. Mpya, ya bluu. Nilimweleza habari ya ndege mlangoni pake, nikiwa nimesimama, bila kuzungushazungusha. Alisikiliza hadi mwisho. Alisema laiti ningemwambia hivyo tangu mwanzo, angetuokolea wote jioni nzima, ingawa baa nzima imemwambia haijawahi kuwa na jioni nzuri kama ile.

"Kura yangu unayo, Bwana Mwalimu," alisema. "Kwa sharti moja dogo. Uishike kweli ile marufuku: usiiguse mashine. Usiisogelee. Ukiweza, usiifikirie."

Niliahidi. Tulipeana mkono.

Basi nina kura tatu kati ya tatu. Mtu wa kawaida angelala usingizi. Lakini mimi nilikuwa rubani, na rubani hukagua kila kitu mara mbili. Watu hubadilika kati ya Jumatatu na Alhamisi. Hudec anaweza kukumbuka kadibodi. Bi Horká anaweza kuukuta ukurasa fulani ambao sijausafisha. Nimeyatafakari yote yaliyotokea na nimejifunza. Kosa halikuwa kuruhusu vifaa vyote. Kosa lilikuwa bia.

Nimegundua pia kwamba kura za kamati huandikwa kwenye mashine ya klabu, na kifundo cha mkono wa Bi Horká kinamwuma, hivyo siku ya kikao hataandika. Kura zitasemwa kwa kipaza sauti, na programu, chumbani mwake, itaandika inachokisikia: jina, kisha ndiyo au hapana. Itasikia kipaza sauti kilichoruhusiwa, wala haitauliza ni cha nani.

Muuza vitu vikuukuu alikuwa nacho kimoja, kisicho na waya. Ufunguo wa Hudec ninao bado, alisahau kuudai. Sikuigusa mashine. Nilichomeka tu kipokezi kidogo cha kipaza sauti hicho nyuma yake, na kisanduku kilipotokea kuuliza, nilikijibu kwa ncha ya penseli. Daima.

Jarmila amebisha hodi mlango wa ghala la vyakula, nilimojifungia, kuuliza kama nina mafua. Nimemwambia sina. Ninafanya mazoezi ya kusema "Horká, ndiyo" kwa sauti nyembamba kidogo, ya mtu aliyepewa taulo.

Nitakuandikia kamati itakapokuwa imekwisha kuamua.